Mbu Ilikutangulia, Papa Nyama

Hakuna kitu hapa duniani kinachoweza kunishangaza mimi. Nimeona mutu akitoka ndani ya shimo la Kamituga na dhahabu mudomoni, na kesho yake nikamuona anaomba sigara. Nimeona lori likilala ubavu katikati ya barabara wiki mbili, na watu wakafungua restora pembeni yake. Nilianza kazi na sufuria moja ya matumbo, nikiuzia wachimbaji, nikiwa na suruali moja iliyokuwa ya kanisa, ya kazi na ya kulala. Leo nina mabucha matatu, la kwanza hapa Kadutu karibu na soko, na nyumba ya etaji tatu ambayo ukitaka kuiona yote lazima ushike kofia yako. Shule nilisoma mpaka ya tatu ya primeri. Mwalimu ndiye aliyeiacha kabla yangu, kwa sababu mimi nilikuwa nakula na yeye hapana.

Nasema hivyo mapema ili musifikiri kwamba muzee ninayetaka kuwaelezea alinishinda kwa akili. Alinishinda kwa kitu kingine, na bei yake nitawaambia.

Tulimuita Muzee wa Vitabu. Jina lake lenyewe lilikuwa kwenye karatasi, na karatasi zake nilizisoma vizuri kuliko mutu yeyote, mutaona sababu. Miaka mingi alichunga biblioteki ya mapadri, akifuta vumbi, akikemea wanafunzi, akisoma yale ambayo mapadri wenyewe hawakuwa na nafasi ya kusoma. Siku biblioteki ilipofungwa walimupa shukrani, saa ya ukutani isiyotembea, na maboksi manane ya vitabu vya Kifaransa ambavyo hakuna mutu aliyevitaka. Ndani ya maboksi hayo kulikuwa na maneno ya walimu wa Wayahudi wa zamani, wale waliokaa vizazi na vizazi wakibishana juu ya kila neno la Maandiko. Mutu mwingine angeshika mambo ya malaika. Yeye alishika wanyama: Mungu alimuumba nani kwanza, kwa kazi gani, na mwanadamu ajifunze nini kwao. Hicho ndicho chakula alichotuletea sisi watu wa Kadutu, ambao munyama tunamujua kwa kilo.

Na parsele yake, yaani kiwanja chake, iligusana na yangu. Kule kwetu kwenye mulima, ukipata mita kumi za udongo usioteremka unafanya misa ya shukrani. Yeye alikuwa na mita kumi na nane kwa kumi na tano, tambarare kama meza, pembeni ya njia ambapo gari linafika. Na juu yake aliweka nini? Nyumba ya mbao, mbuzi mumoja, kuku sita na muti wa avoka. Mimi nilihitaji mahali pa kujenga chumba cha baridi cha kuhifadhia nyama. Kila asubuhi nilifungua dirisha la etaji ya tatu, nikaangalia chini, nikaona chumba changu cha baridi kinatafuna majani na kunililia mee.

Siku nilipomaliza etaji hiyo ya tatu nilichinja ng'ombe wawili, nikaalika avenyu nzima. Alikuja na koti lake refu jeusi, ambalo padri mumoja mukubwa wa mwili alimuachia. Mikono ya koti ilipita vidole vyake. Nikamushika bega mbele ya wageni wote.

"Muzee, angalia. Ule mutoto wa matumbo ya Kamituga. Unaona namna gani?"

Akaangalia juu kwa muda murefu, kama mutu anayehesabu madirisha.

"Iko muzuri sana," akasema. "Walimu wa Wayahudi waliuliza: ju ya nini mwanadamu aliumbwa wa mwisho, nyuma ya wanyama yote?"

"Ju yeye njo patron, njo bosi," nikasema. "Patron hafikake wa kwanza."

Watu wakacheka, na mimi nikaona nimemaliza kazi. Muzee akangoja kicheko kiishe.

"Hata wamoja kati yao walisema vile. Meza inatengenezwa mbele, mugeni anaingia nyuma. Lakini wengine walisema: ni ju siku akianza kujivuna, bamuambie: mbu ilikutangulia, Papa Nyama."

Sidhani kama Wayahudi waliandika "Papa Nyama", jina ambalo Kadutu nzima inaniita. Hilo aliliongeza mwenyewe, kama chumvi. Lakini kutoka siku ile watoto wa avenyu walipata salamu mupya. Napita na gari yangu, vioo vimepanda, nasikia nyuma ya ukuta: "Mbu ilikutangulia." Nikishuka kuuliza ni nani, kimya kama saa ya kuungama.

Mungefikiri mutu kama huyo anaishi na mbu kama ndugu. Nilimukuta kwa macho yangu, jioni moja, kwenye baraza yake, akipiga mbu kwa kitabu chenye jalada gumu, tena kwa hasira.

"Muzee, na huyo si mukubwa wetu?"

"Ni mukubwa wetu," akasema, akifuta damu kwenye jalada. "Alitangulia kuumbwa, atangulie na kufa."

Ndivyo alivyokuwa. Alisema hakuna kiumbe bila kazi, hata inzi, hata kiroboto, hata konokono. Kama wewe huoni kazi yake, basi bado haijafika siku ya kukufanyia. Alieleza juu ya mufalme mumoja wa zamani ambaye, akiwa bado kijana, alimuuliza Mungu buibui ana faida gani, anafuma muaka muzima na hakuna mutu anavaa. Kisha kijana huyo akafukuzwa na maadui, akajificha ndani ya pango, na buibui akafuma mulangoni, na maadui wakasema hapa hapajaingia mutu. Muke wangu alisikia hadithi hiyo njiani kutoka misa. Kutoka pale salon yangu, yenye viti vya ngozi, ilikuwa na buibui juu ya televisheni, na hakuna aliyekuwa na ruhusa ya kumugusa. Nikauliza: tunamungojea adui gani? Akanijibu kwamba siku nitakapofukuzwa nitajua.

Lakini mujusi alipomuangukia Muzee wa Vitabu begani kutoka dari, huyu mutetezi wa viumbe vyote alitoka mbio mpaka barabarani na kandambili moja. "Mujusi iko na kazi yake," akaniambia akihema, "lakini kazi yake haiko ku bega yangu."

Kuhusu nyama pia musidanganyike. Aliipenda. Brosheti aliila mpaka kijiti kikatakata. Kila Jumapili nyuma ya misa alifika buchani kwangu kununua nusu kilo, na kabla ya kulipa, bucha ikiwa imejaa watu, aliuliza kwa sauti ile ya kusoma somo kanisani:

"Huyu ng'ombe ilikunywa maji mbele ya kufa?"

"Ilikunywa, Muzee. Ikaoga, ikasali."

"Na ilipumzika? Ju ilitembea siku mbili toka kule juu."

Wiki ya kwanza wateja walicheka. Wiki ya tatu, maman mumoja anayeninunulia kilo kumi kwa restora yake akaniuliza, bila kucheka hata kidogo: "Hii ya leo ilikunywa?" Basi nikanunua mapipa mawili, nikayaweka zizini, na nikaamuru ng'ombe alale usiku mumoja kabla ya kuchinjwa. Wachungaji wangu walidhani nimeokoka. Nilikuwa nafanya biashara tu, lakini jaribu kuelezea hilo watu ambao wameanza kukuangalia vizuri.

Noeli moja nilimualika mezani kwangu. Nilikuwa nimealika pia mukubwa fulani wa ofisi ya muji, kwa sababu zangu. Sahani zimejaa, sala imesemwa, kila mutu ameshika uma, na Muzee wa Vitabu anasimama.

"Nisamehe. Sijamupa mbuzi."

Walimu wake walisema mutu asionje kitu kabla hajalisha wanyama wake. Akaenda zake taratibu, akakata majani, akamulisha mbuzi, akanawa mikono, akarudi. Kwa heshima ya mvi zake tulimungoja, na ofisa naye akangoja, na sosi ikashika mafuta kama barafu. Mimi najua mbuzi wa Kadutu ambaye alikula Noeli kabla ya serikali.

Watoto walimupenda, kwa sababu hakuwapiga na hakuwapa kitu. Alikaa nao kwenye ngazi za njia yetu ya mawe, pale ambapo wanawake hupumzika na mizigo, akawaambia kwamba hata kama tusingepewa amri yoyote, tungejifunza aibu kwa paka, anayefunika uchafu wake, na tungejifunza kutoiba kwa sisimizi, asiyegusa punje ya mwenzake. Siku hiyo nilikuwa napita, na asubuhi ile ile sisimizi walikuwa wamemaliza sukari yangu.

"Muzee," nikasema, "hao sisimizi wako hawaibake. Ba kwangu ni ba dini gani?"

Hakugeuza hata kichwa. "Haziibiake wenzao, Papa Nyama. Weye haujakuwa mwenzao bado."

Kati ya viumbe vyake vyote, mimi nilimupenda mumoja tu. Ni ndege fulani aliyekaa kwenye kona ya safina wakati wa gharika. Nuhu alikuwa anakimbia mchana na usiku kulisha wanyama, huyu anataka majani, huyu anataka nyama, huyu anakula saa nane za usiku. Akamukuta yule ndege amenyamaza. Akamuuliza: wewe hutaki kula? Ndege akajibu: nilikuona una kazi nyingi, nikasema nisikusumbue. Nilimuambia Muzee kwamba mteja kama huyo nikimupata nitamuandikia bucha moja. Akatabasamu. Sikujua kwamba nilikuwa naishi naye ukuta kwa ukuta.

Sasa turudi kwa parsele, kwa sababu mimi siku zote nilirudi kwa parsele. Karibu kila muaka nilimupelekea bei. Alinipa kahawa, akasikiliza mpaka mwisho, akasema: "Mimi minakubali, kama bote banakubali." Kisha akachukua karatasi na kuandika majina ya wenyeji: mbuzi, kuku sita, buibui wa dirisha la nyuma, ndege wa muti wa avoka na mayai yao. Aliniambia kwamba sheria ya Wayahudi inasema ukikuta ndege juu ya mayai, mama umuache aende kwanza, ndipo uchukue.

"Weye unataka nyumba yote," akasema. "Nani ataachwa aende?"

Nikaongeza dola mia tano. Yeye akaongeza chura wa kwenye mufereji. Tuliendelea hivyo miaka.

Halafu ikaja asubuhi ya ndama. Ng'ombe wangu hushuka kutoka milimani kwa miguu na kupita avenyu yetu alfajiri, kuelekea machinjio. Siku hiyo walikuwa sita, na ndama mumoja aliyenunuliwa pamoja na mama yake. Mbele ya uzio wa Muzee ndama akakatika kwenye mustari, akaingia uani. Muzee alikuwa amekaa kwenye kiti chake kidogo, na koti lake refu, anasoma. Ndama akasukuma kichwa ndani ya koti mpaka masikio, akasimama hapo, anatetemeka mugongo wote. Wachungaji walikuwa wanakufa kwa kucheka. Nilishuka na kandambili, nikamukuta Muzee ameinua mikono juu na kitabu, kama mutu aliyeshikwa na askari.

Nikavuta mukia, haikusaidia. Nikashika sikio. Na kwa kuwa mimi pia naweza kusema maneno ya busara nikitaka, nikamuambia ndama: "Enda. Njo kazi uliumbiwa."

Nilidhani muzee atafurahi. Uumbaji, kazi ya kila kiumbe, si ndiyo mambo yake? Lakini uso wake ulikuwa kama majivu.

"Papa Nyama, maneno ile ilishasemwa."

"Na nani?"

"Na mwalimu mukubwa kupita bote. Ndama vile vile, ndani ya koti vile vile. Akaiambia: enda, njo kazi uliumbiwa. Na kule juu bakasema: ju haiko na huruma, mateso imufikie. Meno ikamuuma miaka kumi na tatu."

"Na kisha?"

"Kisha siku moja..."

Lakini ndama alianza kulia, mama yake akajibu kutoka barabarani, wachungaji walikuwa wananingoja. "Utanimalizia siku ingine, Muzee," nikasema. "Nyama haingojeake." Saa sita ya mchana ndama yule alikuwa ameshauzwa na kwisha. Alikuwa laini sana, wateja walinipongeza.

Mwezi haukuisha. Jino la nyuma, upande wa kuume.

Mimi siamini mambo hayo, na nimeshawaambia kwamba hakuna kinachonishangaza. Meno yangu ndiyo tangazo la kazi yangu, nilikuwa navunja mufupa mbele ya wateja ili waone ubora. Daktari mumoja akasema ni sukari. Mwingine akataka kung'oa, nikamuambia ang'oe la kwake. Maumivu yalikuja na kwenda kwa mapenzi yake, muaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nikajifunza kutafuna upande mumoja, kucheka upande mumoja, na kubishana bei huku nimeshika shavu, jambo ambalo lilinipunguzia heshima.

Na dawa, kama ilikuwapo, ilikuwa nyuma ya ukuta. Nilihitaji tu mwisho wa hadithi. Kuuliza sentensi moja: Muzee, yule mwalimu alipona namna gani? Lakini mutu wa etaji tatu haendi kuomba dawa kwa mutu wa mbao. Yeye aliniona na shavu langu, akanisalimu kwa adabu yote.

"Habari ya meno, Papa Nyama?"

"Meno iko."

"Tunashukuru Mungu."

Na akanyamaza. Mutu ambaye hakuweza kumuacha chura apite bila kumuhubiria, mwisho wa hadithi hiyo aliufunga mudomoni miaka mitatu. Alikuwa na tabia hiyo ya walimu: jibu hakulipeleka mahali ambapo swali halijafika.

Wakati huo huo nikagundua kitu kwenye karatasi. Parsele haikuwa kwa jina lake. Zamani, alipoenda kupasuliwa tumbo na hakujua kama atarudi, aliiandikisha kwa mupwa wake, mutoto wa dada yake, anayekaa Nyangezi. Nikamutafuta kupitia komisioneri mumoja, dalali wa viwanja. Hakuwa mutu mubaya. Alikuwa na watoto watano na karo ya shule, na mutu mwenye karo haangalii sana macho ya mujomba wake, tonton kama alivyomuita.

"Tonton anazeeka," akasema kwenye salon yangu, chini ya buibui. "Choo iko mbali, njia inateleza. Kule kwetu batoto batamuangalia."

"Na yeye anasema nini?"

"Hasemi kitu. Nilimuelezea, akasema sawa."

Tukapatana. Kwetu, mapatano ya udongo hayakamiliki mpaka kasiksi inywewe mbele ya mashahidi, ile pombe ya ndizi, kikombe kimoja kinazunguka. Nikiwa mujanja, nikadai sheria isemwe kwa sauti: akigeuka muuzaji, anarudisha mara mbili, akigeuka mununuzi, alichotoa kinabaki kwa muuzaji. Nilidai isemwe mara tatu, kwa sababu nilimuogopa mupwa, atapata huruma dakika ya mwisho. Kila mutu akanywa. Nikatoa akonti, malipo ya kwanza, ya dola elfu nne. Zingine siku nyumba itakapokuwa tupu.

Siku hiyo ikafika na manyunyu ya asubuhi. Mupwa alikuja na pikapu ya kukodi, niliyolipa mimi. Nilisimama uani na koti langu la ngozi la Kampala, karatasi mukononi, shavu limevimba kama andazi. Wakapakia maboksi manane. Wakapakia saa isiyotembea. Kuku sita ndani ya kikapu. Muzee alisimama pembeni, na koti lake la padri, haombi, halaumu, haulizi hata usukani uko upande gani. Nikamukumbuka yule ndege wa safina, na sikupenda kumukumbuka.

Mupwa akafunga kamba, akaangalia mbuzi.

"Huyu hana nafasi," akasema. "Tonton, mbuzi itabaki kwa Papa Nyama."

Watu wote uani wakaniangalia. Nadhani hata mbuzi aliacha kutafuna. Muzee alimuangalia mbuzi, akaniangalia mimi, akaangalia mikono yangu.

"Tonton, tuingie, mvua inakuya," mupwa akasema, akimufungulia mulango.

Muzee akatembea. Akaupita mulango, akaipita gari, akaja moja kwa moja mpaka kwangu, akainua pembe la koti langu la ngozi, akaingiza kichwa ndani mpaka masikio. Nikajikuta nimeinua mikono juu na karatasi zangu, kama mutu aliyeshikwa na askari. Nywele zake zilinuka petroli ya taa na vitabu.

"Tonton, unafanya nini?" mupwa akauliza.

Sauti ikatoka ndani ya koti: "Sema, Papa Nyama. Ile maneno unaijua. Sema niende."

Na yeye huwezi kujua siku zote kama anacheza. Lakini mugongo wake ulikuwa unatetemeka, na mutetemeko ule niliujua, nimeshika migongo mingi maishani. Maneno yenyewe ni mepesi, nilishayasema bila kufikiri, tena nikiwa na kandambili. Nikafungua mudomo. Jino likapiga mpaka machoni.

"Muache," nikasema.

"Nani?"

"Huyu. Muache hapa. Na mbuzi."

Mupwa akaachia mulango wa gari. "Papa Nyama, tulikunywa kasiksi."

"Najua tulikunywa. Nilikuwako."

"Akonti sitairudisha. Batoto banaanza shule."

"Nani amekuuliza akonti? Shusha maboksi, yatalowa."

Muzee akatoka kwenye koti, akatengeneza nywele zake, hakusema asante. Akaenda kukata majani, akamupa mbuzi. Ndipo akachemsha chai yetu sisi watatu. Tulikaa kwenye baraza, maboksi yakitoa mvuke, mupwa akiangalia viatu vyake. Na mimi, baada ya miaka mitatu, nikauliza.

"Muzee, yule mwalimu, meno ilipona namna gani?"

Akaniangalia kama mutu aliyengoja sana kusikia mulango unagongwa.

"Siku moja mutumishi wake alikuwa anafagia nyumba. Akakuta batoto ya munyama mudogo, ba namna ya panya, akataka kubafagia inje. Mwalimu akamuambia neno moja tu."

"Neno gani?"

"'Baache.'" Akapuliza chai yake. "Meno ikapona siku ile."

Nikaweka kikombe chini. "Kwa hiyo unanilinganisha na mwalimu mukubwa kupita bote," nikasema, maana nafasi kama hiyo siiachi.

"Hapana," akasema. "Minajilinganisha mimi na panya."

Kuhusu jino sitaki maswali. Lilinyamaza wiki hiyo, ni kweli. Lakini siku mbili kabla nilikuwa nimeanza kumeza antibiotiki, kwa hiyo Wayahudi na famasi wagawane sifa. Muzee aliishi pale muaka mumoja na miezi, akafa kwenye kitanda chake, chini ya buibui wake. Leo mupwa anakaa humo na watoto wote watano, na wananipigia kelele za mbu kutoka upande ule ule. Mbuzi aliniachia mimi, kwa karatasi, na sahihi na tarehe. Sijamuchinja: nyama ya mbuzi muzee haina soko, musifikirie mambo mengine. Na kama anakula kabla yangu asubuhi, ni kwa sababu analia na mimi napenda kula kwa utulivu.

Chumba cha baridi bado sina. Nina hesabu. Akonti ya parsele, sehemu ya komisioneri aliyetukutanisha, pikapu ya kwenda Nyangezi ambayo haikuenda, kasiksi na brosheti za mashahidi, na zile antibiotiki: dola elfu nne, mia mbili makumi nane na saba.